Haibridi ya kuchaji: injini inawaka yenyewe, kifuniko cha mafuta kinagoma, na juzi imekufa kabisa. Ni ugonjwa au ndo ilivyotengenezwa?

Sifa_Safarini

Wadau habari za saa hizi. Naomba niliweke hili hapa maana gereji nimeenda mara mbili na mara zote naambiwa gari iko sawa, narudi nyumbani na maswali yaleyale. Nina haibridi ya kuchaji, injini ya petroli na betri kubwa ya kuchomeka ukutani, niliichukua ikiwa imetumika miaka 3 na sasa ninayo mwezi wa tano. Betri ni 13 kWh, nikiendesha kwa utulivu napata kama kilomita 45 za umeme mtupu. Safari yangu ya kila siku kwenda na kurudi ni kilomita 30 kwa hiyo nilijua petroli itakuwa ya safari za mbali tu.

Sasa tatizo la kwanza, injini. Chaji imejaa 100, nawasha, natoka getini, hata sijafika kona ya kwanza injini inawaka. Inanguruma dakika nne tano halafu inazima yenyewe. Siyo kila siku, inaweza kupita wiki nzima kimya halafu siku mbili mfululizo inawaka, na siku za baridi ndo kabisa. Nikibonyeza kitufe cha umeme mtupu inaniandikia haiwezekani kwa sasa, sababu haisemi.

La pili ni kifuniko cha mafuta. Mara ya kwanza kwenda kuweka petroli nimebonyeza kitufe, kioo kikaandika subiri, nikasubiri karibu nusu dakika watu nyuma yangu wanapiga honi na mimi sijui kama nimeharibu kitu. Siku nyingine iligoma ikabidi nibonyeze tena.

La tatu breki. Nyumbani kwangu ni juu, nikitoka nashuka mteremko mrefu, basi chini ya mguu breki inakuwa tofauti kabisa na nikiwa njiani narudi, na kuna siku injini inapanda mlio wakati nashuka, yaani sijagusa mafuta kabisa. Asubuhi pia nasikia mkwaruzo mita za mwanzo.

Lakini lililonifanya niandike ni hili la juzi. Nilisafiri siku 9, gari nikaiacha ina chaji 80. Narudi, rimoti haifungui. Nikatoa ule ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, nikafungua mlango kwa mkono, ndani giza tupu, dashibodi haina hata taa moja. Nimekaa pale kwenye siti nimeshika usukani, nyuma yangu kuna betri yenye umeme wa kunipeleka zaidi ya kilomita 30, na gari haiwezi kuwasha hata balbu ya ndani. Iliniuma kwa kweli.

Nachouliza, kati ya haya yapi ni ubovu na yapi ndo ilivyoundwa? Kama ndo ilivyo nitajifunza kuishi nayo, kama ni ubovu nataka utibiwe kabla waranti haijaisha.

Betri_Mbili

Pole dada Sifa. Mimi ya kwangu ni mwaka wa nne huu na ninayo ya pili sasa kwa hiyo karibu yote uliyoandika nimeyapitia, nianze na injini maana ndo inayowachanganya wengi.

Hiyo gari ina mifumo miwili ya kuitembeza na kila mmoja una mahitaji yake hata kama leo haufanyi kazi. Injini ya petroli haipendi kukaa miezi bila kuzunguka, oili inashuka yote chini, petroli inazeeka ndani ya tenki. Kwa hiyo kompyuta ina ratiba yake ya kuiamsha. Chevrolet Volt zile za mwanzo kabisa zilizoanza kuuzwa mwisho wa 2010 walikuwa wakweli kwenye hili, injini ikikaa kama wiki 6 haijawaka gari inakuandikia kwamba inahitaji kuiwasha kidogo kwa matunzo, na petroli ikikaa kama mwaka inaanza kuichoma yenyewe mpaka ipungue au uweke mpya. Nyingi za siku hizi zinafanya hivohivo, ila hazikuambii kitu, unasikia tu mngurumo.

Lakini kwako nashuku zaidi hita, kwa sababu umesema siku za baridi. Haibridi nyingi za kuchaji hazina hita ya umeme yenye nguvu, au wanaiweka kwenye matoleo ya juu tu, joto la ndani linatoka kwenye maji ya injini kama gari yoyote ya kawaida. Ukiomba joto, kompyuta haina pa kulitoa isipokuwa kuwasha injini. Na kitufe cha kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele ndo kibaya zaidi, kwenye gari yangu ya kwanza ukikigusa tu injini inaamka hata kama nje kuna joto. Fanya jaribio, wiki nzima zima hita kabisa, tumia joto la siti kama lipo (linakula umeme kidogo sana ukilinganisha na kupasha hewa yote ya ndani), halafu uone. Kama gari yako inaruhusu kupasha ndani ikiwa bado imechomekwa basi fanya hivo kabla ya kutoka.

Sasa naomba usikilize hili kuliko yote niliyosema. Hizo dakika nne tano ni mbaya kwa injini kuliko safari ndefu. Injini ikiwa baridi inamwaga petroli nyingi, nyingine inapita pembeni ya pistoni inaingia kwenye oili, na unyevu unaganda ndani. Kama ingeendelea kuzunguka hadi oili ipate moto vyote vingekauka, lakini inazima kabla. Mwaka wangu wa kwanza nilifungua kifuniko cha kuwekea oili nikakuta utando mzito rangi ya chai ya maziwa umejibandika kwa ndani, nikajua gasketi ya silinda hedi imekwenda, moyo ulinilipuka. Haikuwa gasketi. Ni unyevu wa kuwasha na kuzima. Nikachomoa kijiti cha oili, oili imepanda juu ya alama ya mwisho na inanuka petroli. Imepanda, na mimi sijaongeza hata tone.

Tangu hapo kila wiki mbili tatu naichukua barabara ndefu, naweka ile hali ya kutunza betri ili injini ifanye kazi, dakika 30 bila kukatisha. Na oili nabadilisha kwa miezi, siangalii kilomita, maana kilomita kwenye dashibodi hazikuambii injini imewashwa baridi mara ngapi. Utando haujarudi.

Kingine, usikanyage mafuta hadi mwisho ukiwa kwenye umeme. Nyingi zina kama kibonyezo hivi mwisho wa pedeli, ukikipita injini inaamshwa ghafla ikiwa ya baridi kabisa na inadaiwa nguvu zote sekunde hiyohiyo. Nikitaka kulipita lori sehemu ndefu nawasha injini mapema, kilomita kadhaa kabla.

Fundi_Fyuzi

Nafanya kazi ya umeme wa magari, hizi haibridi ndo mkate wangu sa hivi, ngoja nikujibu la kifuniko na la kufa.

Kifuniko ni maumbile yake, acha kuwa na wasiwasi. Petroli inatoa mvuke muda wote, gari ya kawaida mvuke unakwenda kwenye kopo la mkaa na injini ikiwaka inaunyonya na kuuchoma. Ya kwako injini inaweza isiwake wiki mbili, kopo lingejaa na mvuke ungetoka nje, kwa hiyo wametengeneza tenki la kufungwa kabisa linalovumilia presha. Ukibonyeza kitufe vali inafunguka taratibu, sensa inasubiri presha ishuke ndo kifuniko kinaachia. Siku ya joto presha iko juu kwa hiyo inachelewa zaidi. Bonyeza kitufe ukiwa bado ndani ya gari kabla hujafungua mkanda, hadi ushuke itakuwa tayari. Ila ukibonyeza ukakaa muda mrefu hujafungua inajifunga tena, nadhani ndo ile siku iligoma. Kama inazidi dakika kadhaa kila mara hapo sasa vali au sensa iangaliwe.

Hili la kufa ndo la kulishughulikia. Gari yako ina betri mbili dada. Ile kubwa ina volti mia tatu na kitu, na gari ikizimwa inakatwa kabisa na swichi kubwa ndani ya kasha lake, ni usalama huo, ajali ikitokea au fundi akifungua boneti asikutane na volti hizo. Anayeziwasha hizo swichi ili umeme wa kubwa upite ni betri ndogo ya volti 12. Kompyuta zote, kufuli za milango, taa, zote zinakula kwenye ile ndogo. Ikiisha hakuna wa kutoa amri, kubwa inabaki imefungiwa na chaji yake yote. Na injini ya petroli nayo haiwezi kukusaidia, maana kwa nyingi za aina hii haina stata ya kawaida, inazungushwa na mota ya umeme mkubwa, ambao umefungiwa.

Ile ndogo wengi wanaweka ya kimo kidogo sana kwa sababu haina kazi ya kuzungusha injini, na hapo ndo sikubaliani na waliounda. Wameona kazi nzito haipo wakapunguza betri, huku wameongeza kompyuta, simu ndani ya gari, apu, kufuli zinazosikiliza ufunguo usiku kucha. Inachajiwa tu gari ikiwa imewashwa au imechomekwa, na zipo ambazo hata ikichomekwa chaji kubwa ikishajaa basi ndogo inaachwa yenyewe.

Naomba unijibu haya. Apu ya simu unaifungua mara ngapi kwa siku kuangalia chaji? Kila ukifungua unaamsha kompyuta za gari na hazirudi kulala hapohapo. Ufunguo unauweka wapi, umbali gani na gari? Na betri ndogo ni ya mwaka gani, iliwahi kubadilishwa?

Tafuta multimita, pima betri ndogo asubuhi kabla hujafungua mlango kama unaweza kuifikia, au fungua boneti, subiri gari ilale nusu saa ndo upime. Ikiwa 12.6 nzuri, 12.2 iko nusu, chini ya 12 inakufa. Halafu washa gari upime tena, ikiruka hadi 14 hivi basi konveta inayoshusha umeme kutoka betri kubwa ni nzima, na tatizo ni betri yenyewe au kuna kitu kinakula usiku.

Kubusti unaweza, kitabu cha gari kitakuonyesha pointi ya kushika waya ndani ya boneti. Usitumie gari hiyo kubusti gari ya mwenzio. Na nyaya za rangi ya chungwa usiziguse wala usimruhusu fundi ambaye hajafundishwa kuzigusa, hata kama gari imezimwa.

Nimeshaiuza

Mimi nitasema tofauti kidogo na wenzangu na nasema kwa moyo safi maana niliipenda ile gari. Nilikaa nayo miaka miwili nikaiuza na sijutii.

Kila mtu anaongelea injini na betri, hakuna anayeongelea nafasi. Betri ni lazima ikae mahali, na pale ilipokaa kuna kitu kimeondoka. Yangu buti ilikuwa imeinuliwa sakafu, begi kubwa moja limesimama haliingii. Tenki la mafuta lilipunguzwa likawa lita 40 tu. Tairi ya spea hakuna, umewekewa chupa ya gundi na kipampu. Hata kampuni kubwa zilikwama hapa, Toyota Prius Prime ilipotoka ilikuwa na viti 4, wa tano walimrudisha baadaye, na Volt ya kwanza betri ilipita katikati kama herufi T kwa hiyo nyuma wanakaa wawili.

Gundi ile ngoja niwaambie. Usiku, mvua, nimekanyaga kipande cha chuma kikachana tairi ubavuni, mpasuko wa kuingia kidole. Nikamwaga chupa nzima, nikawasha pampu, gundi inatoka nyeupe pale ubavuni kama maziwa yanachemka inamwagika barabarani, hewa haishiki. Gundi inaziba tundu la msumari pale tairi inapokanyaga barabara, ubavu haizibi. Nilikaa saa tatu nasubiri gari la kukokota na watoto nyuma wamelala. Tangu siku ile gari isiyo na spea sinunui, mtu asije akaniambia ni kupunguza uzito wakati gari lenyewe limeongezwa kilo mia mbili tatu za betri na mota.

Na ulaji wa mafuta tuseme ukweli. Ile namba kwenye karatasi ya lita moja na kitu kwa kilomita 100 inapatikana ukichaji karibu kila siku. Tume ya Ulaya mwaka 2024 ilitoa taarifa kutokana na data iliyosomwa ndani ya magari yenyewe barabarani, ikakuta haibridi za kuchaji zinatoa moshi wa kaboni kama mara 3.5 ya kile kilichoandikwa kwenye vipimo. Hesabu za kipimo zilikuwa zinadhani watu wanatembea kwa umeme muda mwingi kuliko wanavyofanya, ndo maana kanuni ya hesabu imekazwa kuanzia 2025 kwa modeli mpya. Mimi nilihamia ghorofani pasipo na soketi ya kuchaji, nikawa natembeza betri tupu kama mzigo. Kama huna pa kuchaji nyumbani hii gari siyo yako.

Betri_Mbili

Mkuu hapo kwenye pa kuchaji nakuunga mkono asilimia zote. Ila dada Sifa anachaji kila siku na safari yake ni 30, yeye ndo mtu ambaye gari hii ilitengenezwa kwa ajili yake. Spea mimi nilinunua ile nyembamba nikaifunga kwa mkanda ndani ya buti, nafasi imekwenda lakini nalala.

MamaWawili

Mdogo wangu Sifa breki zako hazijambo. Mimi pia naishi juu. Ukishuka kawaida mota inageuka kuwa jenereta, inavuta gari na kurudisha umeme kwenye betri, na breki za chuma hazifanyi kazi kubwa. Sasa we unatoka nyumbani umejaza 100, umeme unaorudi hauna pa kukaa, kwa hiyo gari inaacha kuvuta kwa mota na kukupa breki za chuma, mguu unasikia tofauti. Na zipo ambazo zinazungusha injini bila mafuta ili ikusaidie kupunguza mwendo, ndo ule mlio. Mimi niliweka saa ya kuchaji ili mpaka natoka iwe imefika 90 hivi maana yangu haina sehemu ya kuchagua kikomo, mteremko unanijazia uliobaki bure.

Mkwaruzo wa asubuhi ni kutu kwenye diski kwa sababu breki za chuma unazitumia kidogo. Barabara ikiwa tupu na kavu kanyaga breki kwa nguvu mara tatu nne, fanya kila wiki. Usipuuze, mimi nilipuuza na diski za nyuma zikaliwa na kutu hadi zikabadilishwa na pedi bado nene kama mpya.

Kuna jambo hujaliuliza lakini nakuomba sana uliangalie leo, soketi unayochajia. Gari hizi zinavuta ampea 10 au zaidi kwa masaa matano sita bila kupumzika, hakuna pasi wala birika inayofanya hivo. Mimi nilikuwa natumia ekstensheni niliyoikunja vizuri kwenye kiringi chake, usiku mmoja nikanusa harufu kama ya plastiki mbichi, kufika nakuta waya wa katikati ya kiringi umelainika, nikiubonyeza kidole kinaacha alama. Ukiwa umekunjwa joto halina pa kutokea. Nikazima kwenye swichi kuu mikono inatetemeka. Sasa nina soketi yake peke yake, waya mnene, na fyuzi yake. Ukichaji saa moja gusa plagi kwa kiganja, vuguvugu sawa, ikikufanya utoe mkono acha kuchaji na mwite fundi umeme.

Na chaja ikiwasha taa nyekundu ikakataa usifikiri ni mbovu, mara nyingi inakuambia nyumba haina athi nzuri, yaani ule waya wa usalama unaoingia ardhini. Usiidanganye.

Halafu siku plagi ya gari ikikwama haichomoki (nayo itatokea), usivute. Fungua na ufunge milango kwa rimoti mara mbili tatu, kufuli ya plagi inafuata ya milango. Ikigoma kuna kamba ndogo ya dharura, kwangu iko pembeni ya buti nyuma ya kitambaa, itafute sasa hivi ukiwa huna haraka.

Sifa_Safarini

Wadau nimerudi baada ya siku 11, samahani kwa ukimya nilitaka nije na majibu.

Fundi_Fyuzi ulinipata. Apu nilikuwa nafungua hata mara kumi kwa siku na nikiwa safarini ndo zaidi, nilikuwa naangalia kama gari iko salama. Ufunguo ulikuwa unaning'inia ukutani, ukuta wenyewe ndo wa banda la gari. Betri ndogo ina tarehe ya kiwandani, haijawahi kubadilishwa. Nimepima asubuhi ya kwanza 11.9. Nimewasha gari ikaruka 14.3 kwa hiyo konveta iko sawa. Nikatoa apu kwenye simu, ufunguo nikahamishia chumbani, siku tatu baadaye 12.2, ikagoma kupanda zaidi. Nimeipeleka ikapimwa kwa mzigo, imeshindwa, wameibadilisha ndani ya waranti bila ubishi nilipowaonyesha namba nilizoandika kwenye daftari. Leo asubuhi 12.6.

Betri_Mbili, oili yangu nayo imepita alama na inanuka petroli. Niliipaka kwenye karatasi nyeupe, katikati doa jeusi na pembeni duara la majimaji mepesi. Imebadilishwa jana, na jumapili natoka nayo barabara kubwa. Hita nimezima wiki nzima, injini imewaka mara moja tu, na ilikuwa nilipobonyeza kile kitufe cha ukungu kama ulivyosema.

MamaWawili soketi yangu nimeigusa baada ya saa moja, imenifanya nitoe mkono. Fundi umeme anakuja kesho, kwa sasa nimeshusha chaji hadi ampea 6. Na kamba ya dharura nimeiona.

Fundi_Fyuzi

Safi sana. Waulize kitu kimoja, walipoweka betri mpya waliiandikisha kwenye kompyuta ya gari? Zipo modeli zinahitaji kuambiwa kwamba betri ni mpya, zisipoambiwa zinaendelea kuichaji kwa mahesabu ya ile ya zamani na unaweza kurudi hapahapa kabla mwaka haujaisha.

Sifa_Safarini

Nimewapigia sasa hivi, hawakuifanya. Narudi kesho saa tatu.